Kabla ya Kuigawanya Namba Kubwa, Itazame Umbo Lake

Miaka ya nyuma, nilipokuwa nikijifundisha nadharia ya namba, nilijipa kazi ya kuthibitisha kwa mkono kwamba 2,147,483,647 ni namba tasa. Nilifungua daftari nikagawanya kwa 3, kwa 7, kwa 11, kwa 13, na kuendelea. Nilijua kwamba sina haja ya kuvuka kipeuo chake cha pili, ambacho hakifiki 46,341, lakini chini ya hapo zipo namba tasa 4,792, na baada ya jioni tatu sikuwa nimefika hata 1,000. Tena nilikuwa nimekosea kutoa mahali fulani, nisijue ni wapi.

Ninachomshauri yeyote anayeanza ni kwamba kwanza aitazame namba imeundwaje. Hii ni 2³¹ − 1, na umbo hilo linavibana vigawo vyake. Tuseme q ni kigawo chake tasa. Kwa kuwa 2³¹ ikigawanywa kwa q huacha baki 1, na 31 yenyewe ni tasa, kanuni ndogo ya Fermat, isemayo kwamba 2 ikipandishwa kwa kipeo q − 1 kisha ikagawanywa kwa q huacha baki 1, inalazimisha q − 1 igawanyike kwa 31. Na kwa kuwa q ni witiri, basi igawanyike kwa 62. Sharti la pili ndilo lililonifurahisha zaidi nilipolielewa: 2³² huacha baki 2, nayo 2³² ni mraba wa 2¹⁶, kwa hiyo mbele ya q namba 2 ina tabia ya mraba (yaani upo mraba unaoacha baki 2 ukigawanywa kwa q), jambo linalowezekana tu ikiwa q ikigawanywa kwa 8 huacha baki 1 au 7. Ukiyaunganisha masharti hayo, q haina budi kuwa na umbo la 248k + 1 au 248k + 63, k ikiwa namba kamili.

Namba za maumbo hayo zisizozidi kipeuo kile ni 373 tu, na nyingi huanguka mara moja: 63 na 249 zinagawanyika kwa 3, 497 kwa 7, 559 kwa 13. Ya kwanza inayostahili kujaribiwa ni 311, na namba yetu ikigawanywa kwayo huacha baki 35. Ni kwa kubana vigawo namna hii ndipo mwanahisabati Leonhard Euler, akiwa St. Petersburg na macho yake karibu yamepotea kabisa, alipothibitisha mwaka 1772 kwamba namba hii ni tasa.

Ukitaka kutumia kompyuta, usihifadhi mahesabu katika namba kamili za biti 32 zenye alama (zinazobeba chanya na hasi), kwa sababu 2,147,483,647 ndiyo kubwa kuliko zote zinazoingia humo. Programu yangu ya kwanza ilikuwa ikizidisha mabaki na kunirudishia majibu hasi.

Kwa mwalimu, ningeanza na 2¹¹ − 1, yaani 2,047. Kipeo 11 ni tasa, na wanafunzi wengi watadhani 2,047 nayo ni tasa. Kwa hoja ile ile ya hapo juu, waelekeze kwenye umbo la 22k + 1, na jaribio la kwanza kabisa, 23, litawapa 23 × 89.