Mwambie daktari na ile mizizi unayomchemshia mgonjwa

Mama alipoanza dripu za irinotekani kwa saratani ya utumbo mpana, nyumba yetu hapa Nkuhungu ilijaa vifuko. Magome kutoka Kondoa, unga wa mlonge, majani ambayo hata jina siyajui. Kila aliyeleta alisema hii ni ya miti, haina kemikali. Nikachemsha, akanywa, na kliniki sikusema.

Dozi ya pili, siku ya tatu yake, akaanza kuharisha. Shangazi akasema dawa inasafisha tumbo. Tukaiacha isafishe hadi mama akashindwa kusimama.

Muuguzi aliyetupokea ndiye aliyeniambia kuwa dripu ile nayo asili yake ni mti. Unaitwa xi shu, wa China. Mwaka 1966 wanakemia Monroe Wall na Mansukh Wani, wakiwa Marekani, walitangaza kuwa wamepata ndani yake kemikali iitwayo kampotesini, na irinotekani hutengenezwa kutokana nayo.

Chukua kamba ya katani ya kufungia mbuzi, funga ncha moja kwenye nguzo, halafu achanisha nyuzi zake. Mbele ya vidole kamba inazidi kujisokota hadi inagoma. DNA, ile inayobeba maelekezo ya urithi ndani ya seli, nayo ni nyuzi mbili zilizosokotana, na seli huziachanisha ili izinakili kabla ya kugawanyika. Kimeng'enya kiitwacho topoisomerasi hukata uzi mmoja, msokoto ukalegea, kisha huunga palepale. Kampotesini hujibana kwenye mkato huo, uzi usiungike. Unakili ukifika hapo unagonga, DNA inakatika kabisa, seli inakufa.

Dawa hii haichagui. Seli za ukuta wa utumbo, na zile za uboho zinazotoa chembe nyeupe za damu, nazo hugawanyika upesi, nazo huumia. Kule hakukuwa kusafishwa.

Basi mgonjwa wako akiharisha, mpe mara moja dawa ya kuzuia mliyopewa, mnyweshe ORS, piga simu kliniki. Homa nayo usiilalie. Na kila anachokunywa kiandike, hata chai ya majani. Kuna mmea wa Ulaya unaonywewa kwa sonona ambao hupunguza nguvu ya irinotekani mwilini. Dozi inakuwa ileile, kazi inapungua.

Mimi vifuko vyote nilivitia kwenye kikapu nikampelekea daktari, akauliza kimoja kimoja. Shangazi akija na kingine nampokea kwa mikono miwili: "Asante shangazi, daktari akishakiona nitakuambia."