Je, ilikuwa lazima mtoto alazwe?

SWALI: Mwanangu wa miaka 2 alilazwa siku 3 kwa kuhara, ingawa alikuwa akinywa vizuri. Nitajuaje kama kulikuwa na haja ya kumlaza?

JIBU: Ndugu msomaji, wanaochunguza jambo hili hawaangalii jina la ugonjwa peke yake, bali hujiuliza kama hali ya mtoto siku ile, au matibabu aliyohitaji, visingeweza kushughulikiwa kwa usalama nje ya wodi. Nchini Marekani, vigezo vya namna hii vilichapishwa mwaka 1981 kwa ajili ya watu wazima, na mwaka 1989 vikatolewa vya watoto. Dripu, oksijeni na uangalizi wa saa kwa saa huhesabiwa kuwa sababu za kulaza. Kusubiri kipimo ambacho kingefanyika mgonjwa akitokea nyumbani, sivyo.

Hata hivyo, vigezo havioni kila kitu. Daktari hupima pia umbali wa nyumbani na kama mlezi anaweza kurudi haraka usiku, nami naona ni haki afanye hivyo. Omba muhtasari wa matibabu, uangalie kama mwanao aliwekewa dripu na kama kiwango cha upungufu wa maji kiliandikwa.

Lakini mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea kupita kawaida au kuzimia, apelekwe hospitali mara moja.