Umeme umekatika siku tatu: nini kiliua samaki wangu wa maji ya chumvi?

SWALI

Assalaam alaykum fundi. Mimi ni mtu wa Mombasa, naishi Katy, nje kidogo ya Houston, Texas. Nina tangi la maji ya chumvi la galoni 75, samp (tangi dogo la kuchujia maji) iko chini yake kwenye kabati, na pembeni kuna filta ya kanista. Ndani mna mawe hai (yenye bakteria wanaosafisha maji), matumbawe laini, klaunifishi wawili, kamba kadhaa na kangaja mmoja wa manjano. Kimbunga Beryl kilipopita Julai 2024 stima ilipotea Jumatatu alfajiri, ikarudi Alhamisi jioni. Nyumba ilikuwa haikaliki kwa joto, mume wangu akawa anatia mabarafu kwenye tangi. Kangaja alikufa usiku wa kwanza. Waliobaki walivumilia hadi stima ikarudi. Nikafurahi, nikawasha kila kitu, na asubuhi yake klaunifishi mmoja na kamba wote nikawakuta wamekufa. Ni joto lililowaua? Ninunue jenereta kabla ya msimu mwingine wa vimbunga? Na kangaja mwingine nimtafute sasa au ningoje?

JIBU

Waalaykum salaam dada yangu, na pole kwa hasara. Nianze na vifo vyenyewe, maana hapo kuna mambo mawili tofauti. Kwa maelezo yako, kangaja alikosa hewa. Klaunifishi na kamba, nina hakika karibu yote kwamba waliuawa na ile kanista. Joto lilisaidia kuharibu mambo, lakini lisingewamaliza peke yake.

Fikiria bahari ya kwenu. Mwezi wa Machi na Aprili maji ya Mombasa hufika nyuzi 29 hadi 30, na kangaja wako pale kwenye miamba wanakula mwani bila wasiwasi. Kule maji hayasimami. Oksijeni ya hewani huingia majini kupitia usoni tu, pale maji yanapogusana na hewa, na huingia vizuri uso huo ukiwa unachafuka. Pampu zikizima uso unatulia. Maji ya juu yana hewa, ya chini yanaishiwa, na hakuna kinachoyachanganya. Isitoshe maji ya chumvi hubeba oksijeni kidogo kuliko yasiyo na chumvi: kwa nyuzi 25 maji ya mtoni huweza kushika takriban miligramu 8.3 kwa lita, ya bahari kama 6.7. Joto likipanda kiasi hicho hushuka tena, na wakati huohuo samaki anapumua zaidi.

Usiku ndio mbaya kabisa. Mchana matumbawe na mwani hutengeneza oksijeni kwa mwanga, hata ule wa dirishani husaidia kidogo. Giza likiingia nao wanaivuta kama kila kiumbe kingine mle ndani, pamoja na mabilioni ya bakteria walio kwenye mawe. Kangaja ni samaki wa kuogelea kutwa kwenye mkondo, mahitaji yake ni makubwa, kwa hiyo ndiye hutangulia. Klaunifishi ni mgumu. Siku nyingine umeme ukikatika, mulika tochi kila baada ya saa moja utazame matamvua: yakipiga haraka kuliko kawaida, au samaki wamepanda juu wanafungua midomo usoni, una muda mfupi sana.

Hapo usingoje kifaa. Chukua jagi safi lisilowahi kuguswa na sabuni, chota maji ya tangini, liinue kiasi cha futi moja, uyamwage palepale kwa nguvu yapige povu. Fanya hivyo dakika tano hadi kumi, kisha pumzika, kisha rudia. Chota upande mmoja umwage upande mwingine ili maji yote yazunguke. Inachosha mkono, ndiyo, na watu hucheka wakiambiwa, lakini inafanya kazi. Fungua mfuniko wa kioo pia, uweke wavu badala yake, maana samaki aliyeshtuka huruka nje.

Sasa kuhusu kununua. Wateja wengi hukimbilia jenereta, mimi nasema pesa ya kwanza iende kwenye pampu ya hewa ya betri, ile ndogo yenye mpira na jiwe la hewa. Zipo zinazochomekwa ukutani muda wote na kujiwasha zenyewe umeme ukikatika. Hiyo ndiyo ya kutafuta, kwa sababu umeme una tabia ya kukatika saa tisa usiku mkiwa mmelala au ukiwa kazini. Kwa galoni 75 weka mbili, moja kila pembe, mawe ya hewa yakiwa karibu na chini ili mapovu yapandishe maji ya chini juu. Na pampu zenyewe uziweke juu ya usawa wa maji, au utie vali ya kuzuia maji yasirudi kwenye mpira pampu ikizima. Ukitumia ya USB kwenye pawabenki, ijaribu kwanza usiku mzima: pawabenki nyingi hujizima zikiona kinachochomekwa kinavuta umeme mdogo sana, na pampu hizi huvuta wati moja au mbili tu. Utaamka ukute pawabenki imejaa na tangi limekufa.

Hatua ya pili ni pampu ya mawimbi inayotumia umeme wa DC, yaani ule wa betri. Nyingi za siku hizi ni za volti 12 au 24, na ukizishusha kasi hula wati 10 hivi au pungufu. Hesabu yake ni rahisi. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa (AH) 100 ina wati-saa 1,200. Ikiwa ni ya risasi na asidi, ile ya kutumika kwa sola, usiikamue zaidi ya nusu, kwa hiyo una 600, yaani karibu siku mbili na kitu ukitoa kinachopotea njiani. Ya litiamu aina ya LiFePO4 itakupa kama 1,000 bila kuumia. Kwa pampu ya wati 10 ingekuvusha kutoka Jumatatu yako mpaka Alhamisi yako, kwa taabu, lakini ingefika. Iunganishe kwa DC moja kwa moja kama pampu inaruhusu. Ukipitia inveta kubwa ya kugeuza kuwa AC, yaani umeme wa ukutani, inveta yenyewe inaweza kula umeme unaokaribia ule wa pampu hata kabla haijafanya kazi. UPS za kompyuta (masanduku ya betri ya dharura) zina shida hiyohiyo, na betri zake ni ndogo. Zinafaa kwa katikakatika ya saa moja mbili. Elekeza mdomo wa pampu juu kidogo, uso wa maji uchafuke. Hita, taa na skima (mashine ya kutoa uchafu kwa povu) usivipe betri hata kidogo. Matumbawe hukaa siku kadhaa bila taa, hayana neno.

Jenereta basi ni ya tatu, na ni nzuri ukiwa nayo: ile ndogo ya wati 2,000 inatosha kuchaji betri, kuendesha friza na kuwasha hita saa moja moja wakati wa baridi. Lakini usiitegemee peke yake. Wenye uwezo kuliko mimi na wewe walishindwa: akwariamu kubwa ya umma ya New Orleans ilipata pigo baada ya kimbunga Katrina, Agosti 2005, pale jenereta la dharura lilipogoma na wafanyakazi wakiwa wameshalazimika kuondoka. Samaki kama 10,000 walikuwamo, na wengi wao walikufa. Mashine moja, hitilafu moja.

Na hapa niseme kwa ukali kidogo. Jenereta likae nje, futi 20 au zaidi kutoka mlango au dirisha lolote, moshi ukielekea mbali na nyumba. Si kibarazani, si kwenye gereji iliyofunguliwa mlango. Baada ya Beryl, na katika baridi kali ya Februari 2021 iliyokata umeme Texas, watu wa Houston walikufa kwa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Wengine walikuwa wamewasha gari tu ndani ya gereji. Kuchaji betri kwa gari ni wazo zuri, ila gari liwe uwanjani. Wala usichomeke jenereta kwenye soketi ya ukutani ili iwashe nyumba nzima. Umeme unarudi kwenye nguzo na kumkuta fundi anayewatengenezea laini.

Barafu ya mume wako: nia njema, njia mbaya. Barafu inayoyeyuka majini hupunguza chumvi, na kama ilitoka kwenye bomba la Houston basi ilikuja na kloramini, dawa ya kusafishia maji ya bomba, ambayo ni sumu kwa kamba na kwa bakteria wako pia. Jaza chupa za plastiki maji safi yaliyochujwa kwa RO (mashine ya kusafisha maji), acha nafasi juu, zifunge, uzigandishe siku chache kabla, kisha uziweke zielee tangini moja moja. Usitegemee miujiza: chupa ya lita moja iliyoganda, kwenye tangi kama lako lenye lita karibu 280, haishushi hata nusu digrii. Hiyo ni heri, kwa sababu unachotaka ni kuzuia joto lisipande, usije ukalishusha kwa kishindo. Zaidi ya digrii moja kwa saa ni kuwatesa. Mimi huanza kutia chupa maji yakigusa nyuzi 29, yaani 84 zenu za Farenhaiti. Friza iliyojaa isiyofunguliwafunguliwa hushika baridi kama siku mbili, kwa hiyo toa chupa kadhaa kwa mkupuo mmoja, uzitie kwenye kiboksi cha baridi. Feni ndogo ya betri ikipuliza juu ya maji nayo husaidia, japo kwa unyevu wa Houston wa Julai haisaidii sana; fidia maji yanayokauka kwa maji ya RO yasiyo na chumvi.

Chakula, usiwape. Samaki mwenye afya hukaa siku kadhaa bila kula, na kila punje utakayotia itageuka amonia, ambayo ni sumu, wakati filta imelala.

Sasa nije kwenye asubuhi ile ya Ijumaa. Kanista ni kopo lililofungwa, limejaa bakteria wanaohitaji oksijeni. Maji yakiacha kupita, hewa iliyomo inakwisha kwa saa chache. Bakteria wazuri wanaanza kufa, uchafu ulionaswa unaoza, na mle ndani kunatokea amonia na hidrojeni salfaidi. Yako ilikaa hivyo siku tatu na nusu. Ulipowasha kila kitu, yale maji yote yalisukumwa kwenye tangi kwa mara moja, juu ya samaki waliokuwa wamechoka tayari. Ukifungua kanista ya namna hiyo nje ya nyumba utaijua kwa harufu ya mayai viza. Kwa hiyo umeme ukikatika zaidi ya saa mbili tatu, chomoa kanista. Umeme ukirudi, ibebe nje, mwaga maji yote, suuza sponji na vijiwe kwa maji ya chumvi uliyoyatenga, vyenye harufu uvitupe, ndipo uiunganishe. Ukiniuliza mimi, kwa tangi lenye samp na mawe hai ya kutosha kanista huihitaji kabisa. Mawe yanafanya kazi hiyo, na yakipata mkondo wa pampu ya betri bakteria wake hawafi.

Vingine navyo visirudi kwa pamoja. Chomoa plagi zote kimbunga kinapoingia, kwa sababu umeme ukirudi hurukaruka. Anza na pampu za mawimbi, halafu pampu ya kurudishia maji kutoka kwenye samp, na uangalie hita iko chini ya maji kabla ya kuipa umeme. Hita iliyowaka hewani kisha ikafikiwa na maji hupasuka. Skima iache mpaka kesho yake, la sivyo itamwaga povu sakafuni. Badilisha robo ya maji kwa maji ya chumvi uliyochanganya kabla ya dhoruba, chumvi sehemu 35 kwa elfu na joto sawa na la tangi. Taa zirudi kwa nusu ya nguvu siku mbili tatu. Pima amonia kila siku kwa wiki, na utafute maiti za konokono nyuma ya mawe.

Samp nayo, fanya jaribio siku isiyo na shida: zima pampu kwa makusudi uone maji yanayoshuka yanatoshea. Yakifika ukingoni, punguza kiwango cha kila siku, uweke alama kwa kalamu ya wino usiofutika.

Kwa baridi ya aina ya Februari 2021 sina mengi. Maji baridi hushika oksijeni zaidi, kwa hiyo una muda. Zungushia blanketi au mbao za povu pande zote isipokuwa juu, weka chupa za maji ya moto zielee ndani, na hita iwashe kwa jenereta.

Kangaja mwingine? Tangi lako la futi nne linamtosha. Lakini msimu unaanza Juni mosi na huwa mkali zaidi kati ya Agosti na Oktoba. Nunua pampu na betri kwanza, kisha Jumamosi moja zima swichi kuu ya tangi asubuhi, uendeshe kwa betri tu mpaka Jumapili, ukisoma kipimajoto na kutazama yule klaunifishi aliyebaki anavyopumua. Ikipita salama na amonia ikabaki sifuri, mlete, ukimweka kwanza karantini wiki nne. Kama betri hutaipata mwaka huu, mngoje mpaka Desemba.