Bwawa la kijani Muheza: simamisha mbolea kwanza

Kaka, umeuliza kwa nini bwawa lako hapo Muheza limegeuka kijani na perege wanapanda juu kuhema alfajiri: mbolea imezidi, na hewa imepungua majini. Usiku mwani, vile vijimea vidogo vinavyoyafanya maji kuwa kijani, nao unaivuta hewa, hautoi. Leo usitie samadi wala pumba, hata kiganja. Toa maji ya chini, yale mazito, uingize mapya taratibu. Ya zamani yamwagie migomba, usiyaelekeze mtoni.

Mrututu, ile dawa ya buluu ya kuua mwani, usiguse, tafadhali! Mwani ukifa wote kwa mpigo unaoza, unamaliza hewa iliyobaki, na samaki wanaweza kuisha usiku mmoja.

Kupima: zamisha mkono wima, kiganja wazi. Kikipotea machoni kabla maji hayajafika kiwiko, mbolea bado imezidi. Na lile banda la kuku ulilosema liko upande wa juu wa bwawa, lichimbie mfereji, masika yasikusombee kinyesi bwawani.