CNA ukiwa bado sekondari: makaratasi na mikono

Shule nyingi za sekondari huku Marekani zina kozi ya CNA, yaani msaidizi wa muuguzi: yule anayeogesha wazee, kuwalisha, kuwavisha na kuwapima. Wanaokwama si lazima wawe wazito darasani. Wengi hukwamishwa na makaratasi, au na mikono yao.

Makaratasi kwanza. Sheria ya nchi inataka angalau saa 75 za mafunzo, 16 kati yake za vitendo chini ya msimamizi. Majimbo mengine yameongeza: Texas 100, California 160, Maine 180. Kabla ya kwenda kwenye vitendo utadaiwa kipimo cha TB. Kile cha ngozi mara nyingi hufanywa mara mbili kwa kupishana wiki 1 hadi 3, na kila mara mkono husomwa baada ya saa 48 hadi 72. Ukichelewa kurudi, unachomwa upya huku wenzako wako wodini. Aliyechanjwa BCG (chanjo ya TB) nyumbani aombe kipimo cha damu, kwa sababu BCG inaweza kuuvimbisha mkono hata kama hana maambukizi.

Mtihani una maswali na vitendo. Kama Kiingereza cha kusoma bado kizito, omba maswali ya kusikiliza. Ni haki yako.

Vitendo ndivyo vinavyoangusha. Kunawa tu: sugua povu si chini ya sekunde 20, vidole vikiwa chini ya viwiko, bila kugusa sinki. Jikaushe kwa karatasi, itupe, kisha chukua nyingine kavu ndiyo ufungie bomba. Ukilifunga kwa mkono mtupu, umejichafua tena na hatua hiyo umeipoteza. Mapigo ya moyo yahesabu dakika nzima kwa ncha za vidole, kamwe si kwa kidole gumba, kwani nacho kina mapigo yake. Mwenye kiharusi mvishe kuanzia mkono uliolegea, mvue kuanzia ule mzima, kwa sababu mzima ndio unaoweza kujikunja kutoka kwenye shati. Kabla ya kumsimamisha: breki za kitanda zimefungwa, miguu inakanyaga sakafu, viatu havitelezi, na mkanda wa kumshikia kiunoni uko juu ya nguo, umebana lakini vidole vinapita.

Watoto wetu wana mtego wao wa pekee. Aliyelelewa kwa shikamoo huona adabu ni kumfanyia bibi kila kitu. Mtihani unataka kinyume: bisha hodi, jitaje, funga pazia, uliza "leo gauni lipi?", na kama mkono wake unaweza, mpe kitambaa ajifute uso mwenyewe. Ukiondoka, kengele ya kuitia iwe mkononi mwake. Hiyo husahaulika sana.

Aliye chini ya miaka 18 asiendeshe peke yake mashine ya umeme ya kunyanyulia wagonjwa, hata zamu ikiwa na watu pungufu na mkubwa wa zamu ana haraka.

Risiti zitunzwe. Nyumba ya wazee inayolipwa na Medicare au Medicaid (bima za afya za serikali) ikikuajiri ndani ya miezi 12 baada ya kumaliza, una haki ya kurudishiwa gharama za mafunzo na mtihani. Ila ukikaa miezi 24 mfululizo bila kazi hiyo ya kulipwa, unarudi kwenye mafunzo au mtihani upya.