Modeli za hela: chora jedwali kwanza, fomula baadaye

Kama ndo unaanza kujifunza modeli za hela na mabenki, ushauri wangu achana kwanza na mafomula marefu, fungua Excel uchore jedwali. Juu weka wahusika, yaani kaya, wazalishaji na serikali, pembeni weka miamala kama mishahara, manunuzi, kodi. Anayelipa muwekee alama ya kutoa, anayepokea ya kujumlisha, halafu kila mstari ukiujumlisha lazima uje sifuri maana hela ikitoka kwa mmoja imeingia kwa mwingine.

Staili hii wachumi Wynne Godley na Marc Lavoie ndo waliisukuma sana, na modeli yao ndogo kuliko zote inaitwa SIM, mi ndo niliyoanza nayo na kila anayeniuliza namuelekeza hukohuko. Haina benki wala riba. Serikali inatumia 20 kila kipindi, kodi asilimia 20 ya mapato, watu wanatumia 0.6 ya kinachobaki baada ya kodi na 0.4 ya akiba waliyokuja nayo. Kipindi cha kwanza mapato ya nchi ni kama 38.5 tu, afu yanapanda taratibu mpaka yanasimama kwenye 100. Kwa nini 100? Kwa sababu hapo kodi nayo inafika 20, serikali inarudishiwa yote iliyotoa, na akiba ya watu inatulia kwenye 80, hizo 80 zote zimetokana na nakisi za serikali za huko nyuma, yaani vipindi ilivyotumia kuliko kodi iliyokusanya. Mi kuziona namba zikisogea zenyewe kwenye seli ndo kulinifungua kichwa kuliko lekcha yoyote.

Sasa shika hili sana: noti zilizotolewa na serikali lazima zilingane na noti walizoshika watu (ndo ile akiba yao), ila huo mlinganyo USIUINGIZE kwenye modeli, uache nje uwe wa kukagulia. Zikipishana rudi nyuma, usiendelee hata kama grafu inapendeza.

Ukishaizoea ongeza benki. Benki ikikopesha 50, mkopo wa 50 unaingia kwenye mali zake na amana ya 50 (hela kwenye akaunti ya mkopaji, ambayo benki inadaiwa naye) inaingia kwenye madeni yake papo hapo, haingoji mtu mwingine aweke hela kwanza. Wengi wanabisha hapa kweli kweli, lakini Benki Kuu ya Uingereza yenyewe ilieleza hivyo mwaka 2014. Usibishane nao, wape jedwali wajaze, na mkopaji akirejesha wafute zote mbili, mkopo na amana.