Shilingi 20 za sikukuu

Mwanangu Zuhura,

Ujumbe wako niliusoma baada ya alfajiri, nikaurudia adhuhuri. Waniuliza niliwezaje kulea huku nikiwa nesi wakati wa korona, maana nafasi ya wodi ya mahututi umeipata na mtoto ana miezi minane tu.

Miye sikuweza. Aliyeweza ni wewe.

Chuo kilifungwa Machi 2020, ukarudi na begi moja. Babako amekwama Doha, ndege zimesimama. Mimi nikahamia chumba cha nje, nguo za kazi kwenye ndoo ya jiki mlangoni. Lile bakuli uliloliandika MAMA kwa rangi ya kucha, lisichanganyike na vyombo vya ndani, ningali nalo. Herufi ya mwisho imebanduka. Ulikuwa ukiweka uji kizingitini, ukibisha mara mbili, ukikimbia.

Tarehe 6 Mei wakaufunga Mji wa Kale wetu wa Mombasa, katikati ya Ramadhani. Dukani pesa zangu nilizitumbukiza kwenye kopo la siki, miye mteja wa miaka kumi!

Idi ikatukuta humo humo. Natoka zamu ya usiku, mzee wa kitanda cha mlangoni kafariki saa kumi, na kichupa cha oksijeni bado kinatoa mapovu kana kwamba hakuna lililotokea. Nduguyo Nassir, miaka mitano, kanzu mpya, akanijia mbio. Nikamkemea, "Usinisogelee!" Sauti ile sikuijua kuwa ninayo. Akasimama. Akabusu kiganja chake mwenyewe, kisha akakinyoosha: "Nipe sikukuu yangu." Nikachovya shilingi 20 kwenye jiki, nikaibingirisha sakafuni. Akaiokota, akakukimbilia wewe:

"Mama, niwekee."

Ulisema kateleza ulimi. Hakuteleza. Nilicheka, nikaingia chumbani, nikafunga mlango.

Siku zote nasema mtoto hulelewa na nyumba, si mtu mmoja. Hata kwenye harusi yako nilisema, shangazi zako wakachoka. Lakini nyumba ile ilikuwa nani? Msichana wa miaka 20 aliyeacha vitabu vyake mezani. Pengine nilikudhulumu. Hapana: ningebaki nyumbani, nani angemlaza yule mzee kifudifudi apate pumzi? Alikuwa na wanawe pia, wamezuiwa getini. Haya, na wangu je? Ndiyo hivyo, naanza tena mwanzo.

Mtoto hulelewa na nyumba. Yako huko Nairobi ni binti wa kazi na mume asiyekaa. Sisemi kwa ubaya, mkwe wangu nampenda.

La kukubali au kukataa usiniulize. Jibu ninalo, laniwasha ulimi tangu alfajiri. Nikilitoa utalifuata, nakujua, kisha siku moja tutalilipia sote wawili. Na Ijumaa kabla hujawajibu hao wakubwa wako usinipigie simu, maana nikikusikia sauti sitajizuia.

Nassir anakusalimu, anasema shilingi 20 yake bado unayo.

Chumba cha nje nimekipaka chokaa juzi, na kile kitanda chenu cha utotoni nimekiteremsha kutoka darini. Sijasema neno.

Mamako